Nyota ya Kusingiziwa

Tweve hakuwa na mke tena, wala paa, wala meno mawili ya mbele. Mke na paa vilikwenda pamoja asubuhi hiyo, ulipolipuka mtego wao wa kunasia antimata ya miale ya anga, ile maada kinyume ambayo kila nyumba ilipikia. Meno aliyang'oa shemeji yake, Sanga, kwa ngumi.

Sheria ilikuwa wazi. Kila ukoo una nyota yake iliyokufa, itemayo miale hiyo, na antimata ikiua, ukoo wenye nyota ilikotoka hulipa kwa damu. Mfiwa huitaja nyota hiyo kwa barua iendayo barazani. Asipoitaja, hulipa yeye.

“Andika nyota ya akina Mahenge,” alisema Sanga, panga mkononi.

“Shemeji, chembe hizi hupindwapindwa na sumaku za anga njia nzima. Hakuna ajuaye zilikotoka.”

“Dada yangu nimemzoa kwa koleo, nawe unanifundisha fizikia? Basi lete shingo!”

Uani, Mama Mahenge alikuwa akiwakorogea waombolezaji uji, mtoto mgongoni. Aliinua macho, akamtikisia Tweve kichwa kwa huruma.

Tweve akaandika nyota ya akina Mahenge. Akailamba bahasha kwa ulimi wenye damu, akaibana, akamkabidhi Sanga, naye akatoka nayo mbio.