Muda wa Kiini

Matanga yalipokwisha, Nyamizi alirudi maabara akaketi kwenye kiti cha marehemu mumewe, Ntimba. Wote wawili walikuwa wanafizikia. Kwa miaka mingi walipima kitu kimoja: kiini cha atomu kikishachochewa hukaa muda gani kabla ya kutoa mwali wa gama na kutulia. Ntimba alishikilia kwamba kinatulia upesi. Nyamizi alisema kinachelewa. Walibishana mezani, kitandani, hata wodini Ntimba alipolazwa, mpaka muuguzi akawanyamazisha.

Kajuna, mwenzao wa maabara, aliwasha kompyuta. Mchoro wa miale ukajitokeza.

"Shemeji, majibu yalitoka jana. Kinachelewa. Ulikuwa sahihi."

Nyamizi aliutazama mchoro kama mtu asomaye tangazo la mji asioujua.

"Umerudia hesabu?"

"Nimerudia. Hakuna kosa."

"Sawa."

Kajuna alingoja aseme zaidi. "Marehemu angebisha," akasema, akijaribu kutabasamu.

"Angebisha."

Nyamizi alitafuta furaha moyoni, kisha akatafuta kilio. Hakupata hata kimoja. Aliinuka akaenda kwenye mtambo wa kunasa miale, ambao hupozwa kwa naitrojeni yenye baridi kali kuliko barafu. Bomba lake lilikuwa limegandiwa na umande mweupe. Aliweka kiganja juu yake, akakiacha hapo.

"Shemeji, utaungua!" Kajuna akamvuta mkono.

Nyamizi alikuwa akiitazama alama ya vidole vyake pale kwenye bomba, na weupe ulioanza kuifunika taratibu.