Pimbi Aliyeziba Kila Tundu

Sikieni hii, na mwenye kubisha apande mlimani akaulize.

Kipupwe kilipoingia, Pimbi hakutulia. Aliziba ufa mmoja wa pango lake kwa nyasi kavu, akaketi, akahisi ubaridi mgongoni, akainuka kuziba mwingine. Wanawe walikuwa wakilala huku wakitetemeka, naye aliapa hawatatetemeka tena. Mwishowe likabaki tundu moja tu, la kutolea moshi wa chungu cha makaa.

"Hilo liache, jirani," alisema Fuko, mchimbaji wa chini ya pango. "Moto nao hupumua."

"Wewe kazi yako kutoboa tu," Pimbi akamjibu. "Katoboe kwako."

Akaliziba kwa udongo, na mlango akaukandika vilevile. Pango likawa na joto kama chini ya bawa la kuku. Pimbi akawaita wanawe wamsifu baba yao. Hawakuitika. Akataka kuinuka awatazame, miguu ikamgomea.

Fuko, aliyezoea kusikia vishindo vya Pimbi juu kutwa kucha, alikishuku kile kimya. Akachimba kwenda juu mpaka akaitoboa sakafu. Upepo ukaingia. Watoto wakakohoa, kisha wakalia.

Pimbi akafumbua jicho moja. "Nani ananiingizia baridi?"

"Mimi, jirani. Nizibe?"

Pimbi akawasikiliza wanawe wakilia. "Hebu ongeza kidogo," akasema.

Tangu hapo, asubuhi za baridi, Pimbi na wanawe hukaa nje juu ya mwamba wakiota jua. Ukimwuliza, atakwambia nyumba yake ina joto mno.