Miwani ya Dhahabu ya Komba

Hebu fumba macho, mwanangu, umwone Komba mwenye macho makubwa amejilaza mwambani, akichungulia baharini. Chini kule kuna bustani ya matumbawe ambayo marehemu mama yake alizoea kumsimulia. Komba alitamani kuiona walau mara moja, kabla mvua za masika hazijayachafua maji.

Akaenda kwa Fisi-maji, hodari wa kupiga mbizi, kuazima vifaa. Akachagua mapezi marefu, tochi, kisu, na miwani ya kuzamia yenye rangi ya dhahabu.

"Shoga, hiyo miwani umeijaribu?" Fisi-maji akamwuliza. "Iweke usoni bila kufunga mkanda, uvute pumzi kwa pua. Ikiganda, ni yako. Ikidondoka, irudishe."

"Wivu huo! Unataka nivae kuukuu kama yako?"

Wakazama. Maji yakapenya kwenye miwani ya dhahabu, macho yakamwasha, na Komba hakuona kitu ila ukungu. Fisi-maji akamshika mkono, akampandisha juu.

"Umeiona bustani ya mama?"

"Nimefika, dada," Komba akalia, "lakini sikuiona."

Jioni hiyo masika yakaanza.

Msimu mzima Komba alikaa mwambani na miwani kuukuu ya mpira mweusi aliyoazima kwa Fisi-maji. Hiyo alikuwa ameijaribu, ikamganda usoni bila mkanda, naye akiyangoja maji yatakate.

Nawe, mwanangu, nakuomba ukumbuke jambo hili moja: kabla hujauliza kama kifaa kinapendeza, uliza kama kimekukaa.