Paja la Mutheu

Asubuhi hiyo, katika kliniki moja mjini Voi, Mutheu alitolewa plasta iliyofunga mguu wake uliovunjika kwa miezi mitatu. Paja lililopandisha madumu ya maji kilima cha Sagalla tangu usichana wake lilikuwa limekonda kama la mtoto.

"Nyuzi za msuli bado ziko, mama," daktari wa mazoezi ya viungo alimwambia. "Ukikaza, zinateleza na kuingiliana, msuli unafupika, unavuta mfupa. Jaribu."

Akiwa amelala kitandani, alijaribu mara mbili, jasho likamtoka bure.

Mara ya tatu kitu kilitetemeka chini ya ngozi, kikajikusanya, kikawa kigumu. Kisigino kikaachana na shuka.

Daktari akacheka kwa furaha, akamnyooshea mkono amsaidie kuketi.

"Rudisha mkono wako," Mutheu alisema, akishusha miguu sakafuni mwenyewe.