Rangi Nyekundu Chooni kwa Fintan

"Vuta maji, binti," Fintan Garrihy aliamuru. "Vuta mara tatu, wasije wakasema nimebania."

Dympna, mhandisi wa kamati ya ziwa, alimimina chupa nzima ya rangi kwenye choo cha Fintan, akavuta. Maji yakageuka mekundu kama ya machinjioni. Wanakamati waliojibana mlangoni wakanyoosha shingo kuchungulia choo cha mwenzao, na Fintan akawatazama kwa kinyaa. Watu hawa, hata haja ya mtu wanaifanyia umbea!

"Haina madhara?" aliuliza Malachy, jirani wa ng'ambo ya barabara.

"Hata ukiinywa haikufanyi kitu," alijibu Dympna. "Ila haifichiki. Ingekuwa ya kijani, kwenye ziwa lile tusingeiona."

Kweli wasingeiona. Tangu Mei ziwa lilikuwa limefunikwa na utando wa kijani, mzito, wenye povu ukingoni na harufu ya mayai viza. Samaki walielea tumbo juu, macho yameshadonolewa na shakwe. Fintan alizaliwa mita mia mbili kutoka pale, na sasa alipita na leso puani. Kilichomtia kichefuchefu hasa ni kujua uchafu ule ulikotoka. Nyumba kumi na mbili, mashimo ya vyoo kumi na mawili, na kinyesi cha Malachy kikiogelea mahali alipochezea mjukuu wa Fintan.

Maana mjukuu ndiye aliyemkosesha raha. Muireann, wa miaka miwili, alikuja na mama yake kutoka Dublin mwanzoni mwa Juni, mashavu yamejaa. Siku ya kwanza akachovya miguu ziwani. Hii sasa ilikuwa wiki ya tatu anaharisha, amebaki macho matupu. Daktari alisema ni vijidudu vya maji machafu, na Fintan hakuhitaji kuuliza ni maji gani. Alimpiga marufuku kusogelea ziwa, akamwagiza binti yake, Orlaith, ampe mtoto maji ya kisima chao tu, kikombe baada ya kikombe, yamwoshe tumbo. Kisima kilichimbwa na babu yake nyuma ya nyumba, pampu ikileta maji hadi jikoni, baridi ya kuuma meno. Watalii walikuwa wakibisha hodi kuomba kujaza chupa.

Kamati nayo ilikuwa na dawa yake. Walitaka kuziba mitaro ambayo baba yake Fintan aliichimba kukausha bonde, maji yatuame tena, matete yaote. Maji ya vyoo vyote yangeelekezwa mle, mizizi iyachuje polepole kabla hayajafika ziwani. Bonde lilikuwa la Fintan.

"Mavi ya kijiji kizima yaje kulala chini ya dirisha la mtoto mgonjwa?" alifoka kikaoni. "Choo changu hakijawahi kutia hata tone ziwani. Tafuteni mwingine wa kumwagia!"

"Mzee wangu, chini huku ni mwamba wa chokaa, umejaa matundu," Dympna alimwambia. "Hakuna anayejua maji yake yanatokea wapi."

"Mimi yangu nayajua."

Ndipo wakapatana wapime kwa rangi chooni mwake. Rangi ikionekana ziwani ndani ya siku tatu, Fintan atoe bonde. Isipoonekana, wasimgongee mlango tena.

Siku ya kwanza na ya pili alishuka ukingoni asubuhi na alasiri, buti zikizama kwenye tope lililonuka. Malachy alimkuta pale, kwenye kiti cha kukunja, na chupa yake ya chai.

"Unakisubiri kinyesi changu kama mtu anayesubiri basi," Fintan alimwambia.

"Kikija nitakijua tu, Fintan bwana. Kitapita bila kusalimia mtu."

Fintan alitema mate, akarudi nyumbani. Muireann alikuwa amelala kochini, midomo imekauka.

"Kesho nampeleka hospitali Galway," Orlaith alisema. "Siwezi kungoja tena."

"Mpeleke. Ila usiache kumpa maji."

Adhuhuri ya siku ya tatu Dympna alizunguka ukingo mzima, akachota maji sehemu kumi na kuinua kila chupa juani. Yote yalikuwa ya kijani, yenye vipande vipande vya uozo. Nyekundu haikuwemo hata chembe.

"Basi imekwenda kwingine," alisema, amenywea.

"Imekwenda inakostahili kwenda uchafu wa mtu mstaarabu!" Fintan alipaaza sauti, watu wote wasikie. "Sasa kachungulieni vyoo vyenu, wachafu wakubwa nyie! Mtoto wangu anakufa kwa ajili yenu!"

Malachy alikunja kiti chake. Fintan alipita bondeni, akang'oa vigingi vitatu vya kupimia ambavyo kamati ilikwisha kuvichomeka, akavitupa mtaroni kimoja kimoja. Alijisikia msafi kuliko mtu yeyote kijijini. Alipofika mlangoni kwake ndipo alipoitoa leso puani, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Muireann alikuwa ameketishwa mezani jikoni, amevalishwa koti la safari, ameshika kikombe chake cha mfuniko kwa mikono miwili, akinywa kwa pupa. Midomo ilikuwa myekundu, na kidevu, na tone moja jekundu lilikuwa limedondokea kwenye kola. Furaha yote ikamtoka Fintan.

"Orlaith! Una akili kweli? Mtoto anaharisha hivi, nawe unampa sharubati?"

Orlaith alikuwa chumba cha pili, simu sikioni, akisukumia nguo kwenye begi.

"Sharubati gani tena, baba?" alijibu bila kugeuka. "Si maji ya kisima hayo, kama ulivyoagiza."