Mluzi wa Ozella

Katika jimbo la Georgia la siku hizo, sheria haikubagua mtu: ukifunga ndoa, unatiwa kichwani kumbukumbu ya bibi au babu yako mmoja wa kale, uishi nayo mpaka kaburini. Ozella alipewa ya Dinah, bibi yake wa kale aliyekuwa mtumwa wa jikoni. Mumewe, Garrett, wa ukoo wa wenye mashamba ya pamba, alirudi kutoka kwa daktari akidai ubongo wake umeikataa. Ajabu, ukoo wao mzima ulikuwa na bongo zinazokataa.

"Mimi sikumbuki kitu, mke wangu," alisema, macho makavu.

Tangu hapo Ozella hakuweza kubeba chakula bila kupiga mluzi. Dinah alilazimishwa kuupiga njia nzima, kutoka jikoni hadi mezani, ili bwana wake asikie kwamba mdomo wake hautafuni kitu. Ozella aliuchukia mluzi ule kama ugonjwa. Garrett aliusifu.

"Unapiga vizuri," humwambia. "Nyumba inachangamka."

Jumapili moja, akiwa ukumbini na sahani ya kuku wa kukaanga, Ozella aliuma midomo kwa nguvu mpaka mluzi ukakatika. Nyumba ikanyamaza. Akatabasamu, ameweza.

Katika chumba cha kulia, kiti kikaburuzwa.

"Mbona kimya?" Garrett akafoka, kwa sauti ambayo Ozella hakuwahi kuisikia kwake, lakini Dinah aliyemo kichwani mwake aliitambua mara moja. "Unatafuna nini huko?"