Kengele ya Chai

Hiki kilikuwa chuo cha nne cha maigizo na muziki kumsikiliza Zawena akiimba wimbo uleule wa mjane anayecheza na fagio, na fagio lenyewe lilionekana kuchoka kuliko yeye. Viwili vilimkataa. Cha tatu kilimkatiza kwenye ubeti wa kwanza, kisha kikamkubali kwa barua ambayo sasa ilikuwa mfukoni mwake, ikidai jibu leo.

Alipofika ubeti wa pili kengele ililia. Zawena, aliyelelewa na kengele za shule ya bweni miaka sita, akafunga mdomo, akasimamisha fagio kama bunduki ya gwaride.

"Mbona umenyamaza, binti?" aliuliza mwalimu mwenye miwani.

"Kengele, mwalimu."

"Hiyo ni ya chai."

"Basi mkanywe tu. Nimeshazoea kukatizwa."

Walimu watatu walitazamana. Harufu ya maandazi iliingia bila kubisha hodi, lakini hakuna aliyeinuka.

"Mjane amefika wapi?" aliuliza yule wa miwani.

"Mlangoni, mwalimu. Anataka kutoka."

"Basi mtoe. Tunamsubiri."

Zawena alilishika fagio kiunoni, mabega yakimuuma, akaanza tena. Kila alipogeuka, barua ilichakarika mfukoni.